Makanda ya Temeke Yaliyovuka Kwenda Unguja

Wanangu, juzi mlipokuja na madaftari yenu ya biashara mkaniuliza ni nini kinachofanya biashara baina ya nchi jirani isimame au ianguke, niliwaambia nina kizunguzungu, mrudi siku nyingine. Niliwaongopea. Sikuwa na kizunguzungu. Nilitaka nipate muda wa kukumbuka, maana mtu wa umri wangu akiulizwa ghafla hujibu lolote lililo karibu. Sasa nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa kisomo cha ukubwani. Atakayeshindwa kuusoma aje nimsomee.

Mlitaja ushuru, vibali, barabara, sarafu, na neno moja refu nililolisahau hata kabla hamjafika getini. Yote ni kweli, sibishi. Lakini mie nimefanya biashara na Unguja, na Mombasa pia, enzi za Mwingereza, na bidhaa yangu ilikuwa mfuko mtupu. Basi nitawaeleza ninayoyajua kwa mikono, yale ya vitabuni mtamalizia nyie.

Mie nilikuwa msusi wa makanda. Kanda ni mfuko mkubwa wa miyaa, yaani majani makavu ya mkoche, unaomfika mtu mzima kiunoni. Unachana jani vipande vyembamba, unavilowesha kidogo vilainike, unasuka mkanda mrefu tunaouita ukili, kisha unauzungusha na kuushona kwa shazia, ile sindano kubwa, mpaka upate mfuko. Wakati wa vita vya pili magunia kutoka Bara Hindi yaliadimika, maana meli zilikuwa na kazi nyingine. Wenzetu wa Unguja wakawa na karafuu bila cha kuzitilia. Wasusi wao walisuka kutwa kucha wasitosheleze, ndipo wakatukumbuka sie wa ng'ambo. Kwa hiyo msije mkadhani tulianza kwa akili zetu. Tulianza kwa shida ya jirani.

Temeke wakati huo ilikuwa nusu mji nusu shamba. Nyumba za makuti, mihogo nyuma ya nyumba, njia za mchanga. Mikoche ilikuwepo kuelekea Yombo na Mbagala, ila miyaa mizuri, mirefu na isiyokatika, ililetwa kutoka Kimbiji. Wasusi tulikuwa kama ishirini, tunakaa uani kwa Bi Tatu.

Bi Tatu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mwanamke mfupi, jicho moja limeshikwa na mtoto wa jicho, na kwa sababu hiyo alikagua kazi kwa vidole na masikio kuliko kwa macho. Mie nilikwenda kwake nikiwa nimeachika karibuni, na binti yangu mdogo mgongoni, nikijidai najua kusuka kwa kuwa mama yangu alisuka. Alinipa miyaa nisuke ukili. Nilipomaliza akaupitisha baina ya vidole, pima baada ya pima, halafu akaufumua wote. Kesho yake hivyo hivyo. Alinifumulia mwezi mzima. Siku aliyoacha kufumua nilimwuliza kama sasa nimejua. Akasema bado, ila amechoka kufumua.

Alinifundisha pia kulisikiliza kanda. Ukilimaliza, unalikunja karibu na sikio. Likiwa kavu linalia kwacha, kama mtu aliyekanyaga majani. Likiwa lina maji ndani linanyamaza. Kanda linalonyamaza halifungwi mzigoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na ndiyo niliyokuja kuivunja.

Lakini kwanza niwaambie kuhusu vibali, maana mliniuliza. Siku zile mtu angedhani baina yetu na Unguja hapana kizuizi. Shilingi ilikuwa moja, ile ya simba. Lugha moja, dini kwa wengi wetu moja, na nusu ya Temeke ilikuwa na shangazi au mjomba huko. Lakini wakati wa vita chakula hakikutoka bila kibali. Bi Tatu alikuwa na dada yake Unguja aliyelilia mchele, nasi mwaka ule mchele wa Rufiji tulikuwa nao. Basi akatia pishi mbili katikati ya fungu la makanda, akafunga vizuri, akalipeleka bandarini mwenyewe. Askari akanyanyua fungu likachakarika kwa ndani. Akamwuliza bibi, humu mna nini. Bi Tatu akamjibu kwamba mna hewa. Askari akafungua, hewa ikamwagika gatini, nyeupe, hadi miguuni kwa watu.

Alikuwa askari mwenye adabu. Alimpa shikamoo yake, akazuia mchele, akayaruhusu makanda. Bi Tatu mpaka anakufa hakuielewa hukumu ile. Alikuwa akisema kwamba serikali inamruhusu kumpelekea dada yake chombo, chakula hapana, na anayejua maana yake amwambie. Sie tulicheka sana. Baadaye nilipokuwa mtu mzima zaidi niliacha kucheka, kwa kuwa dada mtu alikuwa na njaa kweli.

Mnunuzi wetu Unguja aliitwa Bwana Masoud. Alikuwa mnunuzi wa karafuu wa kadiri, mwenye ghala moja Malindi, mtaa wa huko Unguja mjini, si tajiri mkubwa. Hatukumjua kwa sura. Tulimjua kwa barua, na barua zake alitusomea Mama Agnesi, jirani wa Bi Tatu, Msambaa aliyekuja Temeke na mumewe, karani wa reli. Mama Agnesi alikuwa amesoma misheni, na alisoma barua za biashara kwa sauti ya kanisani, hata "naomba makanda mia mbili" ikatoka kama Injili. Sie Waislamu watupu tulikuwa tunakaa kimya mpaka amalize, na mmoja wetu alishawahi kuitikia amina.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kuna mwaka Bwana Masoud aliagiza makanda mengi kuliko miaka yote, kwa kuwa mikarafuu ilikuwa imebeba vizuri. Aliyataka kabla ya mavuno kuanza, maana yake tuyasuke masika. Na katikati ya kazi mguu wa Bi Tatu ukavimba, akashindwa hata kutoka uani. Akaniita, akaniambia kazi yote iwe chini yangu mpaka apone. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Wanawake walionizaa kwa umri walikuwa wakiniuliza mie, ukili huu umenyooka, mshono huu unatosha? Nilivimba kichwa kuliko ule mguu wa Bi Tatu.

Mvua ile haikuwa na huruma. Tulianika asubuhi, tukaanua kabla ya adhuhuri. Siku ya kufunga mizigo, meli inaondoka kesho, nilikuwa na mafungu karibu ishirini ambayo hayajapata jua la kutosha. Nikachukua kanda moja, nikalikunja sikioni. Likanyamaza. Nikachukua la pili. Likanyamaza. Wanawake walikuwa wananitazama wakingoja niseme. Ningesema tungoje meli nyingine, na ningetuma salamu kwa Bwana Masoud kwamba tumechelewa. Lakini nilifikiri watasema Bi Tatu hakuwahi kuchelewa. Nikasema, fungeni.

Mwezi haukwisha barua ikaja. Mama Agnesi aliisoma kwanza kwa macho, na kwa mara ya kwanza hakutaka kuisoma kwa sauti. Akanivuta jikoni kwake, akaniambia kwa upole yaliyomo. Makanda yalikuwa yameota koga. Yale yasiyo na koga hayakulingana kimo. Bwana Masoud alisema hana ugomvi na mtu, ila tusimpelekee tena, amepata wasusi wengine. Mama Agnesi akaniuliza kama ampelekee Bi Tatu barua, au nitamwambia mwenyewe. Nikasema nitamwambia mwenyewe.

Nilikaa nayo siku tatu. Wanangu, kama mnataka kujua uzito wa karatasi, ifiche barua ya namna hiyo kifuani siku tatu huku wenzako wakikuuliza habari za Unguja. Niliwajibu kwamba bahari imechafuka, barua zimechelewa. Siku ya tatu Bi Mwajuma, mwanamke mjane mwenye watoto wanne, akaingia uani na mzigo mzito wa miyaa kichwani. Alikuwa ametembea nao tangu Mbagala. Akasema ameona aanze mapema kwa ajili ya oda ijayo. Akautua mbele yangu, akajifuta jasho, akacheka. Nikainuka nikaingia chumbani kwa Bi Tatu.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza akiutazama mguu wake. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Ulijua kwamba ni mabichi?"

"Nilijua, Bibi."

Akaomba maji. Nikampa, akanywa kidogo kidogo mpaka kata ikaisha. Nilitamani anitukane. Halafu akasema, "Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Utakwenda Unguja."

"Nikaseme nini?"

"Hayo hayo uliyoniambia mie. Usiongeze."

Nilimwacha binti yangu kwa Mama Agnesi, nikapanda meli. Mie mzaliwa wa pwani sikuwahi kuvuka bahari, na nilitapika tangu tulipotoka bandarini mpaka tulipouona mji. Mwanamke mmoja wa Kipemba alinipa ndimu ya kunusa, akaniuliza nakwenda arusini au msibani. Nikamwambia sijajua bado.

Bwana Masoud nilimkuta mlangoni kwa ghala lake, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nataka karafuu kiasi gani. Alidhani ni mteja. Nikamwambia natoka Temeke kwa Bi Tatu. Uso ukambadilika.

"Bi Tatu mwenyewe yuko wapi?"

"Mgonjwa wa mguu. Lakini makanda yale si yeye. Mie ndiye niliyeyafunga, na nilijua hayajakauka."

Akavua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena, akanitazama. "Nilikuwa nimejitayarisha kumgombeza bibi kizee," akasema. "Weye sijui nikufanye nini."

Akaniingiza ghalani. Akachota gao la karafuu kutoka kwenye kanda moja akanipa ninuse. Nyie mnaijua karafuu ya dukani, iliyolala. Ile ilikuwa mpya, inapanda mpaka machoni. Kisha akachota gao jingine kutoka kwenye kanda letu. Ilikuwa na harufu ya nyumba iliyofungwa miezi, uvundo mtupu. Akanieleza bila kupandisha sauti. Karafuu haina kingine ila harufu, na mkaguzi aliinusa tu akairudisha, mbele ya wanunuzi wenzake. Miaka yote hakuwahi kurudishiwa. Sasa wanamtania, wanamwita Bwana Uvundo. Alipofika hapo akageuka kama anayetafuta kitu rafuni.

Mpaka wakati ule nilikuwa nalililia jina la Bi Tatu na jina langu. Sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba upande wa pili wa bahari kuna mtu naye ana jina.

Nikamwomba kazi. Si ya kulipwa. Nikamwambia anipe ua wake na makanda yote ambayo hayajatumika, nitakayoweza kuyaokoa nitayaokoa. Akasema nifanye nipendavyo. Mkewe, Bi Salma, alinipa chumba cha uani na chakula, ila alikiweka chini akaondoka bila kunikaribisha. Sikumlaumu.

Nilikaa siku kumi na mbili. Ulikuwa msimu wa kusi, jua zuri na upepo mkavu. Nilitandaza makanda ukutani, juani, kila mahali. Nilisugua koga kwa makumbi ya nazi mpaka vidole vikachubuka, nikafumua palipooza, nikashona upya. Zaidi ya nusu yalipona. Yaliyobaki niliyachoma mwenyewe, nyuma ya ua, siku ya Ijumaa. Yalikuwa kazi ya mikono ninayoijua. Katika ule moto niliuona mshono wa Bi Mwajuma, nikaujua, nao ukawaka. Nilipokuwa nalia pale Bi Salma akaja akasimama karibu yangu. Akaniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia ninaye mmoja, wa kike. Akauliza jina lake, akaniambia nisisimame upande wa moshi. Tangu siku ile tulikula sinia moja.

Siku zile kumi na mbili zilinifundisha kuliko mwezi wa kufumuliwa. Nilikaa pale nikaona makanda yanavyotumika. Sie Temeke tulikuwa tunashona mdomo wa kanda kwa madaha yote, na matako yake kwa haraka, kwa sababu mdomo ndio unaoonekana. Kumbe wajazaji hushindilia karafuu kwa miguu, na kanda hupasukia chini. Na mahamali wanapolipandisha mgongoni hulikamata pembeni, mahali ambapo sie tulikuwa hatutii hata mshono wa pili. Miaka minne tuliwauzia watu kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona kikifanya kazi.

Na kimo? Bi Tatu alikuwa ametuambia kanda liwe shibiri kadhaa. Kila mtu akapima kwa shibiri yake. Bi Mwajuma alikuwa na mkono kama jembe, mie nina mkono wa mtoto. Ghalani yakipangwa moja juu ya jingine, yanalala kama meno ya kizee. Nilipomweleza Bwana Masoud, alicheka kwa mara ya kwanza. Alikuwa akidhani tunamkomoa. Akakata kijiti cha mpera, akakipima kwenye kanda alilolipenda kuliko yote, akanipa niende nacho.

Siku ya kuondoka nilimwuliza kama tumtumie tena. Akafikiri. Akasema tumtumie ishirini, ishirini tu, na atayanusa mwenyewe.

Niliporudi, kijiti hakikupokewa kwa shangwe. Wanawake walisema kwamba wao wamesuka tangu hawajazaliwa hao Waunguja, leo wapimwe kama nguo za dobi. Kilichowaudhi zaidi ni jambo nililolizua mwenyewe njiani, kwamba kila msusi atie alama yake mdomoni mwa kanda, ukili mmoja wa rangi, nyekundu au nyeusi au zambarau, ili kanda likiharibika ijulikane la nani. Bi Mwajuma akasema, "Basi tutajulikana." Bi Tatu, ambaye mguu ulikuwa umeanza kupona, akamjibu kutoka kizingitini kwamba ndivyo inavyotakiwa. Yakaisha.

Yale ishirini tuliyasuka kama ya arusi. Bi Tatu aliyasikiliza moja moja, mengine mara mbili. Jibu lilipokuja Mama Agnesi alilisoma kwa sauti yake yote ya misheni: Bwana Masoud anaomba mia moja, na katika hayo, kama yapatikana, mengi yawe ya alama nyekundu. Alama nyekundu ilikuwa ya Bi Mwajuma. Wiki nzima alikuja kazini amejitanda kanga mpya.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na mpaka leo nikisikia harufu ya miyaa iliyoloweshwa nauona ule ua. Ishirini tumekaa kwenye majamvi, miguu imenyooshwa, mmoja anahadithia, mwingine anamkatiza, watoto wanalala kwenye makanda mapya kama paka. Hata Mama Agnesi alijifunza. Ukili wake wa kwanza ulipinda kama barabara ya kwao milimani, tukamwambia aurefushe kidogo utafika Lushoto. Alisuka hivyo hivyo mpaka akanyooka.

Yeye ndiye aliyetuletea Mombasa. Mumewe alikuwa na rafiki huko, karani mwenzake, na ndugu wa huyo rafiki akaagiza makanda ya kutilia kunde. Aliandika kwamba anayataka "mafupi ya kadiri." Nasi tukayafupisha. Alijibu kwa adabu, akauliza kama wanawake wa Temeke wamesikia kwamba Mombasa hakuna kofia. Tulikuwa na lugha moja, naye hakukosea neno, wala sie hatukukosea. Ila ufupi wa Mombasa na ufupi wa Temeke havikuwa kimo kimoja. Kuanzia hapo kila anayetaka kazi tulimwomba atutumie kwanza kanda moja la mfano, hata liwe bovu. Nyie mnaouza Nairobi na Kampala kwa simu, msione haya kuomba mfano.

Vita viliisha, na taratibu magunia ya Bara Hindi yakarudi. Gunia lilikuwa rahisi, jepesi, halisikilizwi wala halinuswi. Tuliliona kwanza sokoni Kariakoo, likaja mpaka maduka ya Temeke, tukajua kwamba Unguja nako limeshafika. Barua za Bwana Masoud zikaanza kuwa fupi. Mia ikawa hamsini. Hamsini ikawa thelathini. Halafu kimya.

Asubuhi moja tukiwa uani akaingia mtu mwembamba amevaa kanzu, viatu mkononi kwa sababu ya mchanga. Alikuwa Bwana Masoud. Alikuwa amevuka, akaulizia njia tangu bandarini mpaka Temeke. Bi Tatu hakuwa amewahi kumwona, lakini nilipolitaja jina akanyoosha mkono akampapasa uso kwa vidole, kama alivyopapasa ukili, naye akainama akamwacha ampapase.

Tulimkaribisha, akala, akasifu mchuzi wa papa. Baada ya chakula akasema lililomleta. Wanunuzi wa Ulaya sasa wanataka gunia, la namna moja, lenye chapa. Hawezi tena kununua makanda yetu. Alisema hivyo akiwatazama wanawake mmoja mmoja, na alikuwa anazijua alama zao kuliko majina, akawa anauliza nani nyekundu, nani nyeusi, nani zambarau.

Mmoja wetu akamwuliza kwa nini hakuandika barua tu.

"Nilianza kuiandika," akasema. "Nikaona aibu."

Bi Tatu akamwambia kwamba biashara haigombi, na aliyekuja na habari mbaya kwa miguu yake amekuja na heshima. Kisha akamwuliza, huko Unguja sasa watu wanakosa nini. Yaani hapo hapo, chakula hakijashuka. Bwana Masoud akafikiri, akasema misikiti mingi ya shamba mikeka yake imechakaa, na wasusi wazuri wanazeeka. Ndivyo nilivyoingia katika mikeka, ambayo ilinilishia binti yangu mpaka akaolewa. Si wote tulioweza. Mkeka unataka ukindu na mkono mwepesi. Bi Mwajuma kwa ule mkono wake hakuweza, akarudi kulima mihogo Mbagala, na hilo halijanitoka moyoni. Msidhani kwamba soko likifungwa huku na kufunguliwa kule watu wote huhama nalo. Kuna wanaobaki.

Bi Tatu alifariki mwaka ambao kibali cha chakula kilikuwa kimeshasahaulika. Bwana Masoud alimfuata miaka michache baadaye. Barua ilikuja kwa mkono wa mtoto wake, na Mama Agnesi akanisomea, safari hii polepole, kwa sauti ya kawaida. Nilisuka mikeka miwili mipya nikavuka kwenda arubaini.

Nyumba ilijaa. Nilimkuta Bi Salma amekaa na wanawake wa ukoo, nikashindwa kujizuia, nikalia kama mtoto. Pembeni yake palikuwa na shangazi mtu wa marehemu, kizee aliyeshika nasaba zote za nyumba ile. Alinitazama, akamwuliza Bi Salma mie ni wa upande gani, wa mume au wa mke.

Bi Salma alikuwa anatandika mkeka mmoja niliouleta. Hakuinua uso.

"Ni jirani yetu," akasema. "Wa Temeke."

"Temeke?" kizee akauliza. "Si kuna bahari katikati?"

"Ipo," Bi Salma akasema. "Huivuka."

Yule shangazi akakusanya kanga zake, akasogea, akanipa nafasi nikakaa.